Fundi, Zima Redio Kwanza

Wasee, kabla hamjasoma chukueni chupa ya soda tupu. Puliza mdomoni mwake polepole, kisha ongeza pumzi kidogo kidogo. Ile "uuuuu" inayopanda ndiyo sauti ambayo gari langu lilianza kutoa mwezi wa Mei, nikiwa Thika Road natoka Kahawa West kwenda tao. Kwa kilomita 40 kwa saa ilikuwa kama mtu anahema. Kwa 60 ilikuwa mluzi. Kwa 80 ni kama mbu mkubwa amefungiwa chini ya kiti changu. Nikisimama kwa taa, kimya, kama darasa mwalimu akiingia.

Nilifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye gari la mkopo na mfuko mtupu hufanya. Niliongeza redio.

Nilienda hivyo wiki tano. Nawaambia mapema ndiyo msije mkadhani mimi ndiye shujaa wa hii stori.

Mnaonifuata mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Nimeongea kuhusu hiyo kitu mpaka watu wakachoka, sitarudia. Lakini kuna kipande sijawahi kuwaambia. Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi Machakos. Nilipomwambia sirudi chuo, hakupiga kelele. Alinyamaza kama wiki mbili hivi, halafu akanipigia simu akauliza, "Sasa hiyo kazi yako ya simu inahitaji nini?"

Nikamwambia gari. Pesa nyingi ya kila shuti ilikuwa inaishia kwa teksi, nimebeba taa, stendi na mabegi kama mtu anahama. Pia kuna rafiki yangu anapika keki, na alikuwa tayari kunilipa nimpelekee oda za wikendi. Mama akaenda SACCO yao akachukua laki sita. Mimi nikaongeza laki tatu na arobaini, akiba yangu yote. Mkopo unakatwa moja kwa moja kwa mshahara wake, shilingi 15,800 kila mwezi kwa miaka minne, na mimi humtumia hiyo pesa kabla ya tarehe tano. Tangu siku hiyo hajawahi kuniuliza tena mambo ya shule. Huuliza gari. "Gari liko salama?" Hiyo ndiyo salamu yetu siku hizi.

Sasa mnaelewa ile redio.

Aina ya gari sitaitaja, maana najua mtaacha kusoma muanze kubishana. Ni kadogo, ka Kijapani, ka mwaka wa 2017. Gari lililotumika haliruhusiwi kuingia Kenya likiwa limezidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo wengi wetu tunanunua maisha ya pili ya gari la mtu mwingine. Langu lilifika na kilomita 84,000 kwenye dashibodi. Yadi ikanipa waranti ya miezi mitatu, kisha yule kijana wa mauzo akaniambia kwa 32,000 naweza kuongezewa miezi kumi na miwili kupitia kampuni nyingine. "Injini na giaboksi, madam. Ikiharibika, tunashughulikia." Nilikuwa na haraka ya kupiga picha na funguo. Nikalipa, nikatupa kile kijitabu kwa kisanduku cha mbele ya abiria.

Nilikisoma mara ya kwanza mwezi wa Juni, saa nane usiku, baada ya ile sauti kuanza kupenya redio.

Kina kurasa kumi na nne. Kinasema kwamba sehemu za ndani za injini na giaboksi, zile zinazozungukia ndani ya oili, zinalipiwa hadi laki moja kwa kila dai. Kinasema uchakavu wa kawaida haulipiwi. Halafu kwenye ukurasa wa tisa kuna sentensi ambayo niliisoma mara nne: mteja ndiye atakayeidhinisha na kugharamia ufunguaji wa giaboksi kwa ajili ya uchunguzi, na gharama hiyo itahesabiwa kwenye dai endapo hitilafu itathibitika kuwa ndani ya waranti.

Yaani kulipa watalipa, lakini kujua ni juu yako. Ukitaka kujua kilichoharibika lazima ufungue, na ukifungua wakute kitu ambacho hawakubali, umelipa wewe na bado gari limelala limetawanywa. Ni kama kubashiri mechi, tofauti ni kwamba refa ameajiriwa na upande ule mwingine.

Asubuhi nikaenda kwa gereji waliyoniandikia, Industrial Area. Mapokezi safi, kahawa ya bure, kiyoyozi. Jamaa wa mapokezi akaniuliza swali la kwanza: "Gari ni ya nani?" Nikasema yangu. "Sawa, lakini imeandikishwa kwa jina la nani?" Langu. "Okei. Umekuja na nani?" Nimekuja na gari, bro.

Nikamweleza sauti. Nikaiigiza hata, uuuuu, mbele ya watu wawili waliokuwa wanasubiri. Akatabasamu vile watu hutabasamu mtoto akiimba. Fundi akachukua funguo, tukazunguka barabara za nyuma ya gereji zenye mashimo na malori, nadhani hatukufika hata kilomita mbili. Kasi ya juu kabisa tuliyofika ilikuwa 35. Kiyoyozi kimewashwa, redio inaongea mpira. Tukarudi. Wakachomeka skana, ikasoma hakuna kosa lililorekodiwa. Wakaniandikia kwa kadi ya kazi: "Gari limejaribiwa. Hakuna hitilafu iliyopatikana." Na kwa mdomo wakaongeza, "Madam, hizo ni tairi tu, na lami ya Thika Road."

Niliondoka nikiwa nimejiamini kidogo kuliko nilivyoingia. Hiyo ndiyo sehemu ilinichapa. Kwa dakika kama ishirini barabarani nilianza kuamini kweli ni lami. Nimezoea kuambiwa kazi yangu si kazi na sababu zangu si sababu, kwa hivyo kuambiwa sauti yangu si sauti hata hakukunishtua. Nikafika nyumbani nikalala.

Wiki iliyofuata nilirudi na binamu yangu. Huyu binamu hana gari, hana leseni, na nadhani anaamini giaboksi iko kwa buti. Alivaa tu shati la kazi na kusimama kando yangu. Wueh! Walimpa kiti. Walimweleza yeye. "Boss, unajua hizi gari huwa na sauti zake." Binamu akaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua sauti zake. Matokeo yalikuwa yaleyale, barabara ileile, kadi ileile, lakini safari hii tulitolewa na mandazi.

Aliyenisaidia kwanza ni fundi wa mtaani. Mtaa mzima tunamwita Fundi tu, na gereji yake ni mwembe, kabati la mbao na jeki mbili. Ndiye alikuwa ananibadilishia oili ya injini tangu ninunue gari, na hiyo mtaona vile nusura iniue baadaye. Nilimpelekea gari Jumapili asubuhi. Hakuniuliza limeandikishwa kwa nani. Aliketi kwa abiria, akazima redio, akazima feni, akapandisha vioo, akasema, "Twende bypass."

Kilichofuata kwa ile nusu saa kilinifundisha kuliko semista nzima, na nitakiandika polepole maana kuna mtu hapa ana sauti kama yangu na anaongeza redio.

Kwanza aliniambia niendeshe 60 na nisiguse kitu. Akasikiliza. Kisha akaniambia niweke S, kasi ibaki 60 ileile lakini injini izunguke zaidi. Injini ikapanda, mluzi ukabaki palepale. "Hiyo si injini," akasema. "Ingekuwa injini, au upande wa giaboksi unaoshikana na injini, ingepanda nayo. Hii inafuata magurudumu." Halafu kwa sehemu iliyokuwa tupu kabisa, akaniambia nipinde usukani kidogo kulia, kidogo kushoto, kama mtu anakwepa mashimo. Nilipokata kulia, ikatokea ngurumo nzito. Nilipokata kushoto, ikapungua. Kumbe ukikata kulia uzito wa gari unalalia upande wa kushoto, na kama beringi ya gurudumu la kushoto imekufa, ndiyo inapolia.

Nikashangilia. Beringi ya gurudumu! Kitu cha bei ya kawaida! Nilinunua ya 4,500 Kirinyaga Road, Fundi akachukua 1,500 ya kazi, na Jumatatu nikaingia Thika Road nikiimba.

Ngurumo ilikuwa imeisha. Mluzi ulikuwa palepale.

Nilimpigia Fundi nikiwa karibu kulia. Yeye akacheka, si kwa ubaya. "Zilikuwa mbili," akasema. "Moja ilikuwa inaficha nyingine. Sasa tumebaki na yako." Halafu akaniambia hii ya pili hawezi kuifungua yeye, kwa sababu akiigusa tu, waranti imekufa. Fundi wa chini ya mwembe alikataa pesa yangu ili kulinda karatasi ya watu ambao hawajawahi kumsikia. Sikujua la kusema. Nilimnunulia chai.

Acha nieleze hiki kidude kidogo, maana nilikuwa naendesha bila kujua. Giaboksi yangu ni ya CVT. Haina gia za kuhesabu, ya kwanza, ya pili, hapana. Ndani mna puli mbili na mkanda wa chuma katikati. Puli zinapanuka na kubana, mkanda unapanda na kushuka, na gari linabadilisha nguvu bila ule mruko unaouskia kwa gari za zamani. Puli moja inapokea nguvu kutoka kwa injini, nyingine inaipeleka kwa magurudumu. Kila puli imekalia beringi. Beringi za ile puli ya pili zinazunguka kulingana na kasi ya gari, na ndiyo maana zikianza kulia zinajifanya ni gurudumu au tairi, na mtu anaweza kukuapia ni lami. Na hizo zote zinaogelea kwa oili yake maalum ya CVT. Ukiweka oili ya kawaida ya giaboksi za otomatiki, kwa sababu ni rahisi kuipata na bei iko chini, unaiua polepole.

Sasa, nilikuwa najua kitu, lakini kujua kwangu hakukuwa na thamani. Nilikuwa na kadi mbili zinazosema hakuna hitilafu. Hapo ndipo kichwa kilifunguka: waranti hailipii sauti, inalipia kitu kilichoandikwa. Mimi kwa wiki tatu nilikuwa napigania kuaminiwa, kumbe nilipaswa kupigania sentensi moja kwa kadi ya kazi.

Na mimi kazi yangu ni nini? Kurekodi.

Nilimwamsha yule rafiki wa keki Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Nikabandika maiki ndogo ya kola kwenye zulia karibu na gia, kamera ikaangalia dashibodi ili kasi na mizunguko ya injini ionekane. Vioo juu, feni imezimwa, redio imezimwa, yeye ameambiwa asipumue. Tukaenda Eastern Bypass mara tatu: kwa 40, kwa 60, kwa 80. Nikirudi nyumbani nikafungua hizo sauti kwa programu ya bure ya kuhariri, ile inayokuonyesha mawimbi kwa rangi. Palikuwa na mstari mmoja mkali. Kwa 40 ulikaa karibu na hertz 300. Kwa 60, karibu 450. Kwa 80, karibu 600. Lami haina hesabu hiyo. Lami ya sehemu tatu tofauti haiwezi kupanda kwa adabu namna hiyo.

Nilitengeneza klipu ya sekunde arobaini, bila muziki, bila sura yangu. Nadhani ndiyo video bora nimewahi kufanya, na imetazamwa na watu kama saba.

Mara ya tatu gereji nilienda peke yangu, makusudi. Yule jamaa wa mapokezi aliponiona alishusha mabega. Nikamwambia sitaki kubishana. Naomba vitu viwili: fundi aendeshe hadi 80, na atakachosikia kiandikwe, hata kama ni "sijasikia". Hiyo ya pili ndiyo ilimfanya aende kumwita mzee mmoja kutoka nyuma, fundi wa miaka mingi mwenye miwani ya kamba, na kijana mmoja wa kike aliyekuwa kwa mafunzo kutoka taasisi ya ufundi. Mzee akakaa kwa usukani, kijana nyuma, mimi kando. Tulipotoka langoni, mkono wake ukaenda kwa redio moja kwa moja, mazoea tu.

"Fundi," nikasema, "zima redio kwanza. Na feni pia, tafadhali."

Aliniangalia. Akazima.

Tulipofika Mombasa Road na njia ikafunguka kidogo, 50, 60, 70, hakuna mtu aliongea. Mimi nilikuwa nimekazia macho lori la mbele, naogopa hata kumeza mate, kwa sababu mnajua vile gari huponaga likifika kwa fundi. Ni yule kijana wa nyuma aliyesema kwanza, kwa sauti ndogo kama anaomba ruhusa ya kwenda choo: "Iko. Inatoka kushoto mbele, lakini ndani." Mzee akachukua muda. Halafu akasema, "Ndiyo. Iko."

Sikulia. Niliangalia dirishani kwa muda mrefu tu.

Walipandisha gari kwa lifti, magurudumu yakazungushwa hewani, na mzee akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwa ganda la giaboksi na mpini wake kwa sikio, kama daktari. Alihamisha bisibisi mara nne hivi. Mahali pamoja alimwita yule kijana asikilize. Kisha akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wa madaktari pia: "Mlio wa beringi, giaboksi, upande wa puli ya pili. Unaongezeka na kasi. Napendekeza kufunguliwa." Nilipiga picha ile kadi kabla wino haujakauka.

Na hapo tukarudi kwa ukurasa wa tisa. Kufungua ni 18,000. Weka sahihi hapa. Kwa akaunti nilikuwa na 21,000 na ilikuwa tarehe mbili, siku tatu kabla ya pesa ya Mama.

Nikampigia. Nilikuwa nimepanga hotuba. Nikaanza na "Mama, usishtuke," na kila mzazi akisikia hivyo anashtuka. Nikamweleza yote: sauti, kadi, beringi, ufunguaji, na kwamba nikilipa hii mkopo wa mwezi huu utamkata yeye peke yake, na kama wakikataa dai, sijui.

Akaniuliza, "Wewe mwenyewe unaisikia hiyo sauti?"

"Naisikia."

"Basi wafungue."

Halafu, kabla sijashukuru: "Nilijua kuna kitu. Ile siku ulinipeleka Machakos mjini ulikuwa umefungulia redio mahubiri kutoka mwanzo mpaka mwisho. Wewe na mahubiri, tangu lini?"

Nikaweka sahihi.

Waliifungua baada ya siku mbili, na niliomba niwepo. Oili ilitoka nyeusi kuliko inavyofaa. Ndani ya chombo cha chini kuna sumaku ndogo za kunasa vyuma, na mzee akanionyesha tofauti: ule unga laini wa kijivu ni kawaida, kila giaboksi inayo. Vile vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvishika kwa kucha, hapana. Beringi ya puli ya pili, njia yake ya chuma ilikuwa imeliwa vishimo kama barabara ya mtaani kwetu baada ya mvua, na zile chembe zilikuwa tayari zimeanza kuchora puli. Yule kijana wa mafunzo alinishikia taa nikipiga picha. Nilimuuliza kama anaipenda hii kazi. Akasema anaipenda, lakini wateja humuuliza fundi yuko wapi, na amesimama mbele yao.

Dai likatumwa. Baada ya siku tatu jibu: limekataliwa. Sababu ya kwanza, uchakavu wa kawaida. Ya pili, huduma za gari hazikufanywa kwenye gereji iliyoidhinishwa.

Hiyo ya pili ndiyo ilinitoa jasho, kwa sababu ni kweli nilikuwa natumia Fundi wa mwembe. Na ni kweli pia huduma moja niliichelewesha kwa karibu kilomita 700, sitawaficha. Lakini sasa kile kijitabu nilikuwa nakijua kama wimbo wa taifa. Ukurasa wa saba hausemi popote "gereji iliyoidhinishwa." Unasema huduma ifanywe na fundi mwenye ujuzi, kila kilomita 5,000, pamoja na nafasi ya kilomita 1,000, na mteja atunze risiti za oili na filta. Risiti za karatasi sikuwa nazo, nani hutunza? Lakini kila oili niliilipia kwa till, kwa hivyo nikatoa taarifa yangu ya M-Pesa ya miezi yote, nikapigia mstari malipo, nikarudi kwa duka la vipuri wakanichapishia nakala za risiti. Fundi akaniandikia barua kwa karatasi ya daftari, na tarehe zote. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Kuhusu uchakavu, hapo nilitumia kitu pekee nilichotoka nacho chuoni, somo la sheria ya biashara. Niliandika barua fupi. Kwamba Ibara ya 46 ya Katiba inampa mteja haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo. Kwamba kuna Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka wa 2012. Kwamba fundi wao wenyewe ameandika beringi, si uchakavu, na kama neno hilo lina maana nyingine naomba wanionyeshe imeandikwa ukurasa gani. Na kwamba tusipoelewana, ipo Mahakama ya Madai Madogo, ile inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, ambapo mtu anaweza kujisimamia bila wakili na kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya siku sitini. Sikutukana. Sikutisha kuwaanika mtandaoni, ingawa vidole vilikuwa vinawasha, na rafiki zangu wote walisema hiyo ndiyo silaha yangu. Nilihisi nikiitumia mapema watajibu ile kelele yangu na wataacha ile ya gari. Labda nilikosea. Pengine wangelipa haraka.

Siku tisa. Halafu ujumbe wa mistari miwili, hakuna pole, hakuna samahani: dai limekubaliwa kwa mujibu wa masharti.

Hesabu, kwa wale mnaopenda hesabu. Giaboksi nyingine iliyotumika kutoka Japani, 68,000. Oili yake ya CVT, 9,600. Kazi, 15,000. Kufungua, 18,000. Jumla 110,600. Wao wakalipa laki moja, mimi 10,600, kwa hivyo katika zile 18,000 zangu nilirudishiwa 7,400. Ongeza beringi ya gurudumu, ongeza siku kumi na tisa za teksi, ongeza mwezi ambao Mama alikatwa peke yake, ambao nimeshamlipa nusu. Giaboksi mpya ina waranti yake: siku thelathini. Nimeweka kengele kwa simu siku ya ishirini na tano, nitaenda bypass na maiki yangu.

Jumamosi iliyopita nilienda kumchukua Mama aje Nairobi kwa harusi. Alikaa kwa abiria, akafunga mkanda, akaweka pochi miguuni. Tulipoingia Mombasa Road nikanyoosha mkono kuwasha redio, akaushika.

"Wacha kwanza."

Tukaenda kimya. 40, 60, 80. Alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama kidogo upande wa gia, vile husikiliza mtoto akisoma kwa sauti. Karibu na Athi River akafumbua macho ghafla.

"Hiyo ni nini?"

Moyo ukaniruka. Nikasikiliza. Tik, tik, tik.

"Ni chupa, Mama. Ya maji. Iko hapo kwa mlango wako."

Akaichomoa, akaiweka mapajani, akaishika kwa mikono miwili.

"Sawa," akasema. "Endelea."